Getini Mnapekua Mawe, Shimoni Nani Anapima Hewa?

Kwa Waziri wa Madini, Mwenyekiti wa Tume ya Madini, Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na wenye migodi wote wa Mirerani

YAH: KIPIMA HEWA KATIKA MDOMO WA KILA MGODI

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na salamu kwa wengine.

Nimefanya kazi chini ya ardhi ya Mirerani, kwenye migodi ya tanzanaiti, miaka kumi na miwili. Nilianza kwa kutoa mawe, nikawa mchorongaji, yaani mtoboa mwamba, nikaishia kuwa msimamizi wa zamu. Lango la ukuta unaozunguka machimbo nimelipita mara nyingi kuliko mlango wa nyumba ya mama yangu. Ukuta huo mnaujua kuliko mimi: kilomita 24.5, ulijengwa na vijana wa jeshi kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018. Ukitoka jioni unapekuliwa mifuko, kofia na viatu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Tanzanaiti haichimbwi kwingine duniani, na mali ya nchi lazima ilindwe.

Nina ugomvi na asubuhi. Siku zote nilizoingia, hakuna siku hata moja niliyoulizwa habari ya hewa niliyokuwa nakwenda kuivuta mita mia tatu chini. Jiwe lina mpekuzi, hewa haina.

Nitawasimulia siku moja tu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mgodi sitautaja. Mwenyewe yupo, tunasalimiana, na hakuwa mtu mbaya. Fedha za dizeli zilikuwa zimemwishia, kazi ikasimama siku kumi na moja. Siku zote hizo kompresa, mashine ya kusukuma hewa shimoni, haikuwashwa. Dizeli ilipopatikana, tuliambiwa alfajiri tushuke. Kompresa ikaanza kunguruma, nasi tukaridhika. Ule mngurumo ndio uliokuwa kipimo chetu: ukiusikia, hewa ipo, usipousikia, toka.

Mwenzangu alitangulia. Tulipofika kwenye maungio ya njia alikata kushoto, kwenye tawi ambalo mpira wa hewa ulikuwa haujafikishwa, akatafute nyundo aliyoiacha kabla kazi haijasimama. Nilikuwa nyuma yake kama mita nane. Niliona mwanga wa tochi yake ukishuka taratibu mpaka ukagusa ardhi, kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Hakukohoa. Hakuita. Nikamwambia, "Umeiona?" Kimya. Nikapiga hatua tatu kumfuata, na hatua ya nne miguu ikawa ya mtu mwingine. Aliyekuwa nyuma yangu alinishika mkanda wa suruali akanirudisha kwa nguvu, akinitukana tusi ambalo mpaka leo namshukuru nalo. Mpira wa hewa ulikokotwa mpaka pale, tukamtoa. Ilishapita nusu saa. Alikuwa amekwisha.

Juu ya ardhi yalisemwa mengi. Wazee walisema ni siku yake imefika. Wengine walinong'ona kwamba mgodi umechukua kafara, sasa jiwe litatoka. Mnajua maneno ya machimbo. Jiwe halikutoka, na mgodi ule uliuzwa mwaka uliofuata.

Hakuna aliyeuliza kulikuwa na asilimia ngapi ya oksijeni katika tawi lile. Hakuna ambaye angeweza kujibu.

Baada ya msiba nilianza kusoma na kuuliza. Niliyojifunza ningependa myasikie kutoka kwa mtu wa shimoni, si kwenye semina. (Semina nimehudhuria. Tulipewa fulana na soda, tukaonyeshwa picha ya mtu aliyevaa kofia ngumu.)

Hewa ya hapa juu ina oksijeni asilimia 20.9. Ni hivyo Mirerani, ni hivyo Tanga, na hata kileleni mwa Kilimanjaro tunaoutazama kila mawingu yakiachia, asilimia ni ileile. Kinachopungua kule ni mgandamizo wa hewa nzima. Kwa hiyo kipimo kikisoma 20.9 mdomoni mwa mgodi na 18 kule chini, asitokee mtu wa kusingizia mwinuko. Kuna kitu kimeila oksijeni, au kimeisukuma kando. Mpaka unaotumika na wataalamu wa usalama kazini ni 19.5. Chini ya hapo mtu haingii bila kubeba hewa yake mwenyewe. Ikishuka mpaka 16, moyo unakwenda mbio na akili inaanza kukosea mambo madogo. Kati ya 12 na 10, midomo inageuka bluu, na mtu anafanya maamuzi ya ajabu huku akijiona yuko sawasawa. Chini ya 6 ni pumzi chache tu, halafu chini.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mwili hauna kengele ya oksijeni, au unayo dhaifu mno. Tunapobana pumzi na kifua kikaanza kupiga kelele, kelele ile inatokana na kaboni dayoksaidi inayojaa ndani yetu. Mahali ambapo kaboni dayoksaidi imejaa, utahema na kujua kuna jambo. Lakini mahali ambapo oksijeni imeliwa polepole na mwamba, ikabaki naitrojeni tupu, kila pumzi unayotoa inaiondoa kaboni dayoksaidi kama kawaida. Kifua kimetulia. Unazimika kama taa. Ndiyo maana mwenzangu hakuita. Sisi wanaapolo, wachimbaji wa shimoni, tunasema, "Mimi hewa mbaya naijua." Nilisema hivyo miaka mingi. Hakuna anayeijua.

Mwamba unailaje? Mwamba wetu ule mweusi, wa kinywe (grafiti), una madini yenye chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na unyevu huanza kuoza kama kutu, na kutu haiwi bila oksijeni. Matimba yanayooza nayo yanakula. Watu thelathini wanaohema kwenye njia moja nyembamba wanakula. Mgodi ukisimama siku kumi bila kompresa, kazi hiyo inaendelea gizani bila mtu kuiona. Halafu kuna moshi wa baruti, ambao una sumu zake: kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na gesi za oksidi za naitrojeni zinazochoma mapafu na wakati mwingine humwangusha mtu saa kadhaa baadaye, akiwa amekwisha kula chakula cha usiku na kulala.

Na kuna mtobozano. Hili wa nje ya Mirerani huenda hawalielewi. Migodi yetu imepakana, kila mtu anafuata mkanda wa mawe, na huko chini njia za mgodi huu zinatoboza zile za mgodi wa jirani. Serikali imetumia muda mwingi kusuluhisha mitobozano kwa sababu ya ugomvi wa mawe, nani kavuka mpaka wa nani. Lakini kwenye tundu lile mawe siyo kitu pekee kinachovuka. Jirani akilipua saa kumi jioni, moshi wake unakuja kwangu ambako watu wanachoronga. Ratiba yangu ya milipuko naijua. Ya jirani siijui. Kwa hiyo hata mwenye mgodi mwangalifu kabisa hawezi kuapa kuhusu hewa yake ilhali tundu liko wazi ubavuni.

Wazee wa kazi walitumia mshumaa. Ukizimika, rudi. Nawaheshimu, lakini mshumaa huzimika oksijeni ikiwa imeshafika kama asilimia 16 au 17, yaani umeshaupita mpaka wa hatari zamani na akili yako imeshaanza kulegea. Kaboni monoksaidi inaweza kukuua huku mshumaa unawaka vizuri. Waingereza walishusha ndege wadogo wa kanari katika migodi ya makaa mpaka mwaka 1986 ndipo wakaacha na kutumia vipimo vya umeme. Sisi hatuna hata kanari.

Na ile imani yetu ya kompresa niizike hapahapa. Kompresa inasukuma hewa mahali mpira unapofika, basi. Tawi lisilo na mpira limekufa. Mpira ukikunjwa na jiwe lililoporomoka, juu mashine inaendelea kunguruma vilevile. Baya zaidi, nimeona kwa macho kompresa ya dizeli imeegeshwa karibu na jenereta, upepo ukigeuka, bomba la moshi linaelekea panapovutwa hewa. Hapo tunawashushia watu sumu kwa gharama zetu wenyewe.

Wenye umri wangu wanakumbuka Juni 2002, wachimbaji wapatao 40 walipokufa hapahapa Mirerani kwa kukosa hewa. Walikuwa na umri wa kuwa leo baba wa watu wazima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilikuja mwaka uliofuata, Na. 5 ya 2003, na Sheria ya Madini tunayotumia ni ya 2010. Sheria tunazo. Ninachoomba kinatosha katika mfuko wa koti.

Ni kipima hewa cha gesi nne. Kinasoma oksijeni, gesi zinazoweza kuwaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Kinalia, kinawaka taa, kinatetemeka, maana shimoni pana kelele na vumbi. Bei yake huanzia dola mia kadhaa. Mwenye mgodi anajua mwenyewe analipa kiasi gani cha dizeli na baruti kwa mwezi, sina haja ya kumpigia hesabu.

Naomba kiwe sharti la leseni. Ombi halitoshi, wala wito jukwaani siku ya maadhimisho. Leseni isihuishwe kama mgodi hauna kipimo kinachofanya kazi na daftari la vipimo. Daftari liwe na safu chache tu: tarehe, saa, mahali, namba zilizosomeka, jina la aliyepima. Hewa ipimwe kabla ya kila zamu, ipimwe upya baada ya kila mlipuko, na mgodi uliosimama, hata siku tatu, usiingiwe mpaka mtu ameshusha kipimo kwa kamba au kuvuta hewa kwa mrija akiwa pembeni. Kisha kipimo kibaki na watu muda wote wa kazi. Hewa ya saa moja asubuhi si hewa ya saa sita.

Utaratibu wa kupima nao una mambo yake, na hapa ndipo naogopa tutaharibu. Tukilazimishwa kununua tu, tutanunua, tutavitundika ukutani ofisini, mkaguzi akija tutamwonyesha. Kwa hiyo nifafanue kidogo. Kipimo kiwashwe juu, penye hewa safi. Ukikisawazisha ndani ya hewa mbovu utakuwa umekifundisha kwamba hewa mbovu ndiyo 20.9, na kuanzia hapo kitakudanganya kwa uaminifu mkubwa. Oksijeni isomwe kwanza, kwa sababu kihisi cha gesi za kuwaka katika vipimo vingi kinahitaji oksijeni ili kifanye kazi. Bila oksijeni kitakwambia hakuna hatari ya moto ilhali ipo. Vipimo vichukuliwe juu, katikati na chini, maana gesi nyingine ni nzito na hulala sakafuni.

Halafu vihisi huzeeka. Kihisi cha oksijeni cha aina ya kawaida huishi kama miaka miwili, kiwe kinatumika au kiko kabatini, kwa sababu kinajila chenyewe kila kinapokutana na hewa. Kikichoka kwa kawaida husoma chini, kitapiga kelele bure, utaudhika lakini utapona. Kile cha kaboni monoksaidi ni mwerevu zaidi kwa ubaya: kikifa husoma sifuri. Na sifuri ndiyo namba ambayo kila msimamizi wa zamu anaomba aione. Njia ya kumkamata ni moja, kukipulizia gesi ya majaribio kutoka kwenye chupa na kuona kama kitalia.

Chupa hiyo ndiyo ninayoomba Serikali iigharamie. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ipo. Iwekwe meza moja, fundi mmoja, chupa za gesi ya majaribio, na kila mgodi ulete kipimo chake kupulizwa kwa zamu, kama tunavyopeleka mizani kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Nchi hii haikubali muuza nyama apime kilo kwa mizani isiyo na muhuri. Wachimbaji wadogo walio hoi kabisa waungane wanne au watano wanaopakana wanunue kimoja kwa kuanzia, hasa waliotobozana, maana hewa yao ni moja wapende wasipende.

Najua jibu la wenzangu wenye migodi: mtatufungia kazi, hali ni ngumu, jiwe halijatoka miaka mitatu. Nawaelewa, nimekula chakula chenu. Lakini baharia anayetia nanga Dar es Salaam au Mombasa kwenye meli ya safari za kimataifa, tangu Julai 1, 2016, meli yake inalazimika kuwa na kipimo cha aina hiihii, kwa sababu mabaharia walikuwa wakifia kwenye matangi na mashimo ya shehena ambako kutu na mizigo vilikula oksijeni. Kwa wenye meli nako ni gharama. Meli bado zinakuja.

Nije kwa waokoaji. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hii walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Mimi nilikuwa hatua moja kuingia kwenye hesabu hiyo. Kwetu mtu akianguka, kumfuata ni utu. Ukibaki juu utaitwa mwoga mpaka kwenye kilabu cha pombe. Ndiyo maana naomba amri ibandikwe mdomoni mwa kila mgodi, kwa Kiswahili kikubwa cha kusomeka: ASISHUKE MTU KUMFUATA MTU. Kwanza hewa, kwanza kipimo, kwanza kamba. Amri ikitoka kwenu itatupa sisi ruhusa ya kubaki hai bila aibu.

Hayo ya kushuka kumfuata mtu hayaishii machimboni. Yapo kwenye visima vya vijijini mwishoni mwa kiangazi, na kwa vijana wanaotapisha vyoo mijini, ambako pamoja na kukosekana oksijeni kuna haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huua pua kwanza, harufu ikatoweka, mtu akadhani imepungua. Ndugu zetu wa Goma wana neno lake kabisa. Wanaita mazuku ile hewa nzito ya volkano inayotuama kwenye mabonde na kuua mbuzi, na watu pia, na wenyeji wanajua pa kutompeleka mtoto. Sisi tunachimba mabonde yetu wenyewe, marefu, na hatuna hata neno.

Bado kuna swali la mwajiri ni nani. Wengi wetu tulishuka bila mshahara, kwa chakula na ahadi ya mgawo jiwe likitoka. Mtu akifa hivyo, mwenye mgodi anasema huyu alikuwa mshirika wangu, si mwajiriwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, lakini mjane anayekwenda huko bila mkataba wala jina kwenye karatasi yoyote anaanza safari ndefu. Daftari la vipimo ninaloomba lina faida hiyo pia, na sitaificha: pembeni ya namba za hewa kutakuwa na majina ya walioshuka. Kuna watakaolipinga daftari kwa sababu hiyo tu. Mtawajua.

Mjane wa mwenzangu alipewa jeneza, gunia mbili za mahindi na nauli ya kusafirisha mwili. Mtoto wao yuko darasa la sita sasa. Mwaka jana aliniuliza baba yake alikufa na nini, nikamwambia hewa. Akaniuliza hewa inauaje mtu. Nilimchorea kwenye mchanga kwa kijiti, asilimia zote, akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa.

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua kipimo changu, kilichotumika, kwa fedha za mbuzi watatu. Sishuki tena, ila vijana wa migodi miwili ya jirani huja kukiazima alfajiri na kukirudisha jioni. Mara nne wamekirudisha wakiwa na habari kwamba kililia, wakatoka. Mara moja kilisoma 17.2, kwenye tawi ambalo siku iliyotangulia watu walikuwa wamekaa humo kula.

Nawaalika mje kabla ya mvua. Tutasimama kwenye mdomo wa mgodi wowote mtakaouchagua ninyi, tutakishusha kwa kamba na kusoma pamoja. Njooni mapema kidogo, maana kihisi chake cha oksijeni kimebakiza miezi minne, na kingine sijapata fedha zake.

Wenu,
Mchorongaji wa zamani, Mirerani